4090 au 7900 XTX? Kwanza Niambie LUKU Yako Inasoma Ngapi



Kuna ubishi umewakamata vijana wanaopenda gemu za kompyuta, kuanzia Dar, Mbeya mjini, mpaka hapa Ilula kwenye nyanya na vitunguu. Ubishi wenyewe ni huu: kati ya GeForce RTX 4090 ya NVIDIA na Radeon RX 7900 XTX ya AMD, ipi ndiyo kadi? Watu wanabishana kama Simba na Yanga. Wengi wao hawajawahi kuishika hata moja kati ya hizo mbili, lakini mishipa ya shingo imewatoka.

Wapo watakaosema habari hizo zimepitwa. Ni kweli kadi zote mbili zilitoka mwaka 2022, na tangu mwanzo wa 2025 kuna kizazi kipya. Lakini hapo ndipo zinapotuhusu sisi! Kitu kikishachokwa huko kilikotoka ndipo kinapoanza safari ya kuja kwetu kama mtumba. Leo ndiyo zamu ya kijana wa Bongo kuulizwa "unachukua 4090 au XTX?" Kwa hiyo tulijadili sasa, kabla hela haijatoka mfukoni.

Nasema msimamo wangu mapema ili tusizungushane. Kwa mtu anayecheza gemu tu, anayenunua kwa hela yake mwenyewe, na anayetumia umeme wa LUKU, kadi ya maana ni 7900 XTX. 4090 kwa mtu huyo ni ufahari. Na waandishi wetu wa teknolojia wanaompigia debe "mfalme" 4090 bila kutaja umeme, skrini wala waranti wanawapotosha wasomaji wao.

Haya, twende kwenye hoja.

Tuanze na bei. RTX 4090 ilitoka tarehe 12 Oktoba 2022 kwa dola 1,599. RX 7900 XTX ikafuata tarehe 13 Desemba mwaka huohuo kwa dola 999. Zote zina memori ya gigabaiti 24. Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 2,300. Piga hesabu: 4090 ni kama milioni 3 na laki 6 na ushee, XTX ni kama milioni 2 na laki 3. Hapo hujalipa usafiri, hujalipa kodi, na muuzaji hajaweka cha kwake. Tofauti peke yake ni shilingi milioni 1 na laki 3 na elfu 80.

Je, hiyo milioni na ushee inakununulia nini? Kwenye gemu za kawaida, kwenye skrini ya 4K, 4090 inaizidi XTX kwa kasi ya kati ya asilimia 20 na 30 hivi, kutegemea gemu. Yaani unaongeza bei kwa asilimia 60, unapata kasi robo zaidi. Mama yangu hajui kadi ya grafiki ni nini, lakini mpe hesabu hiyo kwa lugha ya gunia la vitunguu, atakwambia umepigwa.

Mashabiki wa NVIDIA hapa wanarukia hoja ya miale. Wanasema: "Washa ufuatiliaji wa miale ya mwanga uone XTX inavyolia." Wako sahihi. Teknolojia hiyo inafuata mwanga unavyogonga vitu na kurudi, ili vivuli na viakisi vionekane kama vya kweli, na ni kazi nzito mno. Kwenye gemu kama Cyberpunk 2077, ukiwasha yote hayo, XTX inaachwa mbali, wakati mwingine zaidi ya mara mbili. DLSS ya NVIDIA nayo, ile inayochora picha ndogo halafu ikaikuza kwa akili bandia, ilikuwa bora kuliko FSR ya AMD iliyokuja na XTX. Sibishi hayo. Asiyekubali hayo ni shabiki, si mtu wa hoja.

Lakini niambieni ukweli, wadau. Skrini yako ni ipi? Vijana wengi ninaowajua wana monita za 1080p, tena za mtumba zilizotoka maofisini huko nje, zenye uwezo wa kuonyesha picha 60 tu kwa sekunde. Skrini ya namna hiyo hata uichomeke kwenye kadi inayotoa fremu 200, itakuonyesha 60. Zilizobaki 140 zimeliwa na hewa, ila umeme wake umelipia wewe. Na kwenye 1080p hata ile tofauti ya robo inapungua, kwa sababu kadi inabaki kuisubiri prosesa imletee kazi. Umenunua Scania ya kupanda mlima Kitonga ili ikubebee tenga moja la nyanya kutoka shamba mpaka barabarani.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo sijaona likiandikwa kwenye makala za ulinganisho zinazosambazwa kwetu: UMEME.

Kiwango cha juu cha 4090 ni wati 450. Cha XTX ni wati 355. Mzungu anaandika namba hizo kwenye jedwali kisha anapita. Sisi hatuwezi kupita. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, yule wa kundi la D1, alipangiwa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na akizidisha, kila uniti ya ziada shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Mnaelewa maana yake? Ule mstari wa uniti 75 ndio mpaka wa umasikini na anasa kwenye nyumba nyingi za Ilula, na kila mama mwenye nyumba anaulinda kwa kuzima taa za watu wasiolala.

Chukua kijana anayecheza saa nne kwa siku. Kadi ikifika wati 450, na prosesa, skrini na mengineyo tuseme wati 200, jumla ni wati 650. Saa nne kwa siku thelathini ni saa 120. Zidisha: uniti 78 kwa mwezi. Kompyuta peke yake! Hapo taa haijawashwa, friji haijachomekwa, pasi haijapashwa moto. Fanya hivyohivyo kwa XTX: wati 555 mara saa 120, unapata uniti 66 na nusu na kidogo. Nayo ni kubwa, siisafishi, lakini iko upande huu wa mstari na nyingine iko upande ule. Kwa baba mwenye nyumba, tofauti hiyo ndiyo ugomvi wenyewe.

Najua mjuaji mmoja tayari ananyoosha kidole: "Kadi haifiki kiwango cha juu muda wote. Tena 4090 ukiifunga isizidi fremu 60, inakula umeme kidogo, hata kuliko XTX." Kweli kabisa. 4090 ni chipu yenye ufanisi mzuri, na ukiibana haikuharibii raha. Lakini sikiliza unachokisema, ndugu yangu. Umelipa dola 600 za ziada kwa ajili ya kasi, halafu unaifunga kasi hiyo ili uweze kumudu umeme. Sasa hizo dola 600 umezilipia nini?

Halafu kuna umeme wenyewe kuja na kukatika. Tumepitia mgawo wa 2022 na 2023. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ilianguka, nchi ikawa giza. Hali ya uzalishaji imekuwa nzuri zaidi tangu Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, lilipoanza kuwasha mashine zake mwaka 2024, na hilo tulipongeze. Lakini kuzalisha ni jambo moja, na nguzo na waya za kufika Ilula ni jambo jingine. Kinachoua vifaa vyetu mara nyingi ni ule umeme unaorudi kwa kishindo, au unaopungua mpaka taa inakuwa ya njano. NVIDIA inashauri pawa saplai ya wati 850 kwa 4090. AMD inashauri ya wati 800 kwa XTX. Hizo ni pawa saplai za kweli, si zile zilizobandikwa karatasi ya "850W" wakati ukiibeba ni nyepesi kama kopo tupu. Weka na UPS inayoweza kuhimili mzigo huo, weka stabilaiza. Ukijumlisha, gharama ya kuilinda 4090 inakaribia kununua kompyuta nyingine.

Na plagi je? 4090 ilikuja na plagi mpya ndogo, ile ya 12VHPWR, inayopitisha umeme wote huo kwenye pini nyembamba. Oktoba 2022 hiyohiyo iliyotoka, picha za plagi zilizoyeyuka zikaanza kuzagaa duniani. Novemba NVIDIA ilisema ina taarifa za matukio kama 50, na ikaeleza kwamba sababu kubwa ni plagi kutochomekwa mpaka mwisho. Haya, tuseme ni wachache. Mtu wa Marekani plagi yake ikiyeyuka, anairudisha dukani. Wewe wa Ilula uliyenunua mtumba Kariakoo, unairudisha kwa nani? Unaiweka kwenye boksi, unapanda basi, unashuka Kitonga, unapita Mikumi, Morogoro, zaidi ya kilomita 400 mpaka Dar, unafika unaambiwa "hiyo bro umeiunguza mwenyewe". XTX ya AMD yenyewe ilitumia plagi za zamani za pini nane, zilezile ambazo fundi wa mtaani anazijua.

Msidhani mimi ni wakala wa AMD. Nao wana dhambi zao. XTX za mwanzo zilizotengenezwa kwa muundo wa AMD wenyewe, baadhi zilikuwa na kipoozeo chenye kasoro, joto likapanda mpaka nyuzi 110. Mwanzoni watu waliolalamika waliambiwa ni kawaida, mpaka Januari 2023 AMD ikakiri na kuahidi kubadilisha. Na Machi 2025 walipotoa FSR 4, ile iliyoipunguza kweli aibu mbele ya DLSS, waliitoa kwa kadi mpya za RX 9000 pekee. Wenye XTX, waliolipa dola 999, wakaachwa mlangoni. Kampuni ni kampuni, haina rafiki. Anayevaa fulana ya kampuni na kuitetea bure wakati kampuni yenyewe haimjui jina, huyo anahitaji kukaa na wazee aelezwe.

Mtauliza kwa nini nimelishupalia jambo hili kiasi hiki. Ni kwa sababu hapa Ilula kuna mtoto wa baba yangu mdogo ambaye amelima nyanya na baba yake msimu mzima. Walivuna vizuri na wakabahatika soko likawa juu. Sasa kijana anataka fungu lake lote liende kwenye kompyuta yenye 4090, afungue chumba cha gemu hapa barabarani. Ananiambia: "Kaka, huo ni uwekezaji. Makala yote yanasema ndiyo kadi bora." Baba mdogo, ambaye hajui chipu wala fremu, aliniuliza swali moja: "Mwanangu, wewe umesoma. Hicho kitu kinazaa?"

Tulijibu swali la baba mdogo kwa hesabu. Vijana wanaokuja kwenye vibanda vya gemu huku kwetu wanakuja kucheza mpira, wawili wawili, mmoja Arsenal mmoja Man U, na wengine kumi wamesimama nyuma wanasubiri zamu. Gemu la mpira halihitaji 4090, wala XTX halihitaji. Tuseme unatoza shilingi 500 kwa mechi. Ile tofauti ya milioni 1 na laki 3 na elfu 80 kati ya kadi hizi mbili ni mechi 2,760. Si faida hiyo, ni mechi za kurudisha TOFAUTI tu, na mteja wako haioni hiyo tofauti kwa macho. Bei nzima ya 4090 ni zaidi ya mechi 7,000. Na wakati unazihesabu, kadi moja inaweza kuhudumia watu wawili tu. Kwa hela hiyohiyo unaweza kuweka mashine kadhaa za kawaida, zikahudumia wanane. Jibu la baba mdogo ni hili: kwa chumba cha gemu cha Ilula, hiyo kadi haizai. Inakula.

Hapa niseme kitu kwa haki, maana polisi wa hoja wako macho. Kuna watu ambao 4090 inawafaa na XTX haiwafai. Mtu anayechora filamu za katuni kwa Blender, anayehariri video za harusi kila wiki na kulipwa, anayejifunza au kufanya kazi za akili bandia. Hao wanahitaji CUDA, mfumo wa NVIDIA ambao programu nyingi za kazi hizo zimejengwa juu yake, na AMD bado inaukimbiza. Mtu huyo akinunua 4090 simcheki, namsalimia kwa heshima. Kwake hiyo kadi ni jembe, na jembe zuri halina bei ghali kwa mkulima anayelitumia. Lakini mjadala wetu ni wa gemu. Mtu anayesema "nanunua kwa ajili ya gemu, ila labda siku moja nitajifunza Blender" anajidanganya, na anajua.

Tena hiyo kazi ya akili bandia ndiyo iliyoiharibia 4090 bei. Oktoba 2023 Marekani iliweka masharti yaliyozuia 4090 kuuzwa China, NVIDIA ikalazimika kutengeneza toleo lililopunguzwa nguvu, RTX 4090 D, mwisho wa mwaka huo. Kadi ikawa dhahabu ya kutafutwa. Zikaripotiwa hata 4090 za mtumba ambazo ukizifungua, chipu yenyewe na memori vimeshanyofolewa, umebakiwa na kipoozeo na feni. Unamuuzia kijana wa Ilula ganda! Kwa hiyo ukiikuta 4090 ya mtumba yenye bei ya huruma, usifurahi. Iwashwe mbele ya macho yako, iendeshe gemu zito nusu saa, ndipo utoe hela. Na XTX mtumba ifanyie hivyohivyo, uangalie na joto.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo mashabiki wa "mfalme" hawapendi kulisikia. Ufalme haudumu. Tarehe 30 Januari 2025 ikaingia RTX 5090, dola 1,999, wati 575. Aliyekuwa anatamba na 4090 akawa namba mbili usiku mmoja. Tarehe 6 Machi 2025 AMD ikatoa RX 9070 XT kwa dola 599, wati 304, gigabaiti 16. Kwenye gemu za kawaida inaikaribia sana XTX, na kwenye miale inaipita. Yaani kasi iliyouzwa dola 999 mwisho wa 2022, miaka miwili na miezi michache baadaye ilitangazwa kwa dola 599. Hizi si shamba, wala si kiwanja pale Ilula kinachopanda bei kila barabara inapochongwa. Ni kama nyanya: zinaoza. Anayenunua kitu kinachooza anunue cha kula leo, asinunue cha kujivunia kesho.

Na sisi waandishi tujisemee wenyewe. Kazi yetu si kutafsiri tangazo la kampuni na kuliita makala. Ukilinganisha kadi mbili kwa ajili ya msomaji wa Tanzania, weka bei kwa shilingi, weka uniti kwa mwezi, sema pawa saplai ya kweli inagharimu nini, sema ikifa anaipeleka wapi, na uliza skrini yake ni ya namna gani. Usipofanya hivyo, humsaidii msomaji, unamfanyia kazi muuzaji, tena bila hata kulipwa.

Kwa hiyo narudia. Unacheza gemu, una skrini ya 4K kweli, umeme wako una ulinzi, na hela ni yako: chukua 7900 XTX, au 9070 XT ukiipata kwa bei ya haki, na hiyo tofauti nunua UPS. Una skrini ya 1080p: usichukue hata moja kati ya hizo kubwa, kadi ya daraja la kati inakutosha na chenji inabaki. Unalipwa kwa kazi inayotaka CUDA: chukua 4090 na usituombe radhi. Unataka tu watu wajue unayo 4090: hiyo nayo ni haki yako, lakini usiiite uwekezaji, na usitumie hela ya nyanya za baba yako.

Anayepinga aje na hesabu, si na jina la mzungu wa kwenye video. Aanze na uniti zake za mwezi uliopita.